Sikumpita kwa Kiburi

Walisema nimeanza kuringa. Eti nimempita shangazi yangu, dada wa marehemu baba, kwenye mlango wa kanisa kule Kisongo bila kumpa shikamoo, tena mbele za watu. Habari zilinifikia nyumbani kwangu Levolosi kabla sijavua viatu vya Jumapili. Nikaitwa nyumbani kwake nikaombe radhi.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimetoka kwa daktari wa macho, na hasira nilikuwa nazo za kutosha. Alinieleza kwamba ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka kila siku. Kwangu mimi, njia ya kutokea ilikuwa imeziba taratibu, kwa miaka, kama chujio la chai lisilooshwa. Presha ya ndani ya jicho ikapanda, ikakandamiza kule nyuma, penye mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Nyuzi zake hufa kidogo kidogo, na pale zinapokusanyika huzidi kuchimbika kama kikombe. Zilizokufa hazirudi, dawa ya matone inalinda zilizobaki. Huumwi popote, na katikati unaendelea kuona vizuri. Kinacholiwa ni pembeni.

Nani aniamini, mimi fundi cherehani? Shangazi alinikalisha sebuleni, mama yangu akiwa pembeni, akasema, "Uzi unautunga kwenye sindano mara moja tu. Mimi na ukubwa wote huu hukuniona?"

"Sindano iko mbele yangu, shangazi. Wewe ulikuwa kushoto."

Akaguna. Mama akaninong'oneza niombe radhi yaishe, tunywe chai. Nikakataa. Ningekuwa nimekosa, ningepiga hata magoti. Kwa jicho langu linalokufa simwombi mtu radhi, awe shangazi, awe askofu.

Badala yake nikasema lile lililonileta: ugonjwa huu hutembea kwenye damu, na daktari anataka ndugu zangu wote wapimwe. Shangazi akacheka, akasema macho yake ni mazima. Nikamwomba afumbe moja, anitazame puani, aseme akianza kukiona kidole changu. Nikakiweka usawa wa sikio lake, nikakisogeza mbele polepole huku nikikitikisa. Kikapita pembe ya jicho. Kikafika usawa wa shavu. Mama akajishika mdomo.

"Nyanyua basi huo mkono," shangazi akasema kwa ukali. "Tunakusubiri wewe."