Kidole Kwenye Kidirisha

Nilipokuwa mtoto kule Hasamba, ndege zilipita juu sana ya mibuni yetu, nami nikawasumbua watu kwa swali moja: rubani anajuaje pa kuacha kupanda? Mama alichoka nalo. Akaniambia hayo atajua rubani mwenyewe, mimi nichume kahawa.

Jibu nililipata ukubwani, kwenye kiti cha rubani msaidizi, katika ndege ya pangaboi iliyotoka Dar es Salaam kwenda uwanja wa Songwe, enzi hizo ukiwa bado mpya. Mbele yetu kulikuwa na swichi ya kuzungusha na kidirisha kidogo cha tarakimu. Ukiweka elfu tano, ndege inapanda hadi futi elfu tano na kutulia yenyewe. Miaka yote ile ya kuuliza, kumbe ni kitu cha kushika kwa vidole viwili!

Ila huruhusiwi kupanda moja kwa moja. Mwongozaji wa ndege, aliye chini mnarani, anakupandisha kwa ngazi: ishia hapa, mwenzako apite juu, haya, panda tena. Nikauliza kwa nini tusiweke kimo cha mwisho tangu mwanzo, maana ngazi zenyewe zimo kwenye kompyuta. Kepteni aliyenifundisha, mzee mkavu asiyependa maneno mengi, akasema kompyuta inajua yaliyoandikwa, haijui tulichoambiwa redioni sasa hivi. Kwa hiyo kidirishani inakaa ruhusa ya sasa tu.

Kulikuwa na utaratibu wake. Asiyeshika usukani ndiye anayezungusha swichi. Anayerusha ananyoosha kidole hadi kwenye kidirisha na kuisoma namba kwa sauti. Hapo ndipo nilipokwama. Kwetu hunyooshi kidole mbele ya uso wa mtu mzima. Mimi nilikuwa naonyesha kwa kiganja, kwa adabu zote, macho chini, na namba aliyoweka yeye naiitikia kama mtu anayeitikia salamu. Kepteni alinieleza waziwazi kwamba kwa mtindo huo hatanisaini kuwa nimefuzu. Safari iliyofuata ilikuwa ya mwisho ya mafunzo yangu. Nikishindwa, narudi kwenye mibuni. Niliogopa, sifichi.

Siku hiyo nilirusha mimi. Tulipokwisha kupaa, mwongozaji akatuambia tupande hadi elfu tano, elfu tisa tutapewa baadaye. Kepteni akamjibu vizuri kabisa, kisha akazungusha swichi mpaka tisa.

Nikanyoosha kidole, nusura nimguse mkono. Mdomo ulikuwa tayari kuitikia tisa. Lakini nilipokinyoosha, macho nayo yakakifuata, na kilichokuwa pale hakikuwa tulichopewa.

"Samahani mzee," nikasema, "ruhusa yetu ni elfu tano."

Alikitazama kidole changu, akarudisha tano. Nikaisoma kwa sauti. Ndege ikafika pale, ikatulia. Punde ndege kubwa ikakatiza juu yetu, karibu kiasi cha kuhesabu madirisha yake, inashuka kwenda kutua.

Alinisaini Songwe, karatasi ameiweka gotini. Udadisi wangu haujawahi kuniacha salama, nikamuuliza kama alinitega au alikosea kweli.

"Ungenyamaza," akasema, "tungejua wote wawili."