Alama ya Upawa Haifunikwi

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya arusi yangu, Mwanangu, na marehemu mume wangu anisamehe huko aliko. Ilikuwa asubuhi, hapa hapa Bawshar, Maskati, miaka ya tisini inakaribia kwisha. Nilikuwa uani nimejifunga leso kiunoni, nasugua masufuria ya arusi tuliyopika jana yake, mlango ukagongwa. Mtu mmoja nadhifu, kanzu yake imenyooka kwa pasi, akanikabidhi barua kutoka afisi ya wakili kule Qurum. Barua ilikuwa ya Kiarabu kizito, lakini maana yake ilikuwa nyepesi: alama ya upawa iliyochorwa kwenye masufuria yetu, na jina la Upawa tunalojiita, vyote viwili sasa ni mali ya Bi Zuweina kwa sheria. Tufute alama na tuache jina.

Nilicheka. Kisha nikaisoma tena, nikaona haichekeshi.

Nikueleze kwanza Upawa ulikuwa nini, maana nyinyi mmezaliwa mkakuta kila kitu kimeshapangwa. Alikuwapo jirani yetu, Bi Thuwaiba, mama wa makamo aliyetangulia kufika Maskati kutoka Unguja. Nyumba ya watu wetu ikipata msiba au arusi, yeye ndiye aliyekusanya vyombo na wapishi. Masufuria yakawa yanapotea, kila mmoja anasema hii yangu, basi siku moja Bi Thuwaiba akachukua rangi nyekundu akachora upawa ubavuni mwa kila sufuria na ndani ya kila sinia. Watu wakaanza kutuita kina mama wa Upawa. Hatukulitafuta jina, lilitufuata jikoni.

Na kutoka jikoni tukaingia kwenye mengine. Mgeni hajui Kiarabu, anaumwa, tunamfuata hospitali tukamsemee. Mtoto amekwama hapati skuli kwa sababu ya karatasi, tunakwenda afisini, tunakaa kwenye viti mpaka watuchoke. Ikafika hadi mtu akiwa bado yuko Unguja anaambiwa na jamaa zake, ukifika Maskati ulizia Upawa.

Zuweina alikuwa mmoja wetu. Tena alikuwa shoga yangu, na mkono wake wa biriani sijauona kwa mwengine mpaka leo. Kilichotutenganisha ni uchaguzi wa kule kwetu, ule wa vyama vingi. Kura zilipigwa huko, sisi tukagombana huku. Baada ya uchaguzi wakaanza kufika watu waliofukuzwa kazi kwa sababu ya upande waliouchagua, wengine na begi moja tu. Sisi tukasema tutawasemea, kwa sauti, kwa yeyote mwenye masikio. Zuweina akasema hapana, jamaa zetu wamebaki kule na serikali ni ile ile, tukipiga kelele hapa wataumia wao. Alitaka tuwakaribishe wakubwa wa kule wakija ziara, tule nao, tuwaombe kwa upole. Sitakwambia kwamba hakuwa na hoja. Alikuwa nayo, na alikuwa na kaka zake kule. Lakini mimi nilikuwa nawaona wale waliokaa sebuleni kwangu wakilia, na siwezi kumwambia mtu anayelia anyamaze ili wengine wale vizuri.

Basi tukagawanyika. Ndugu na ndugu wakawa hawaalikani kwenye arusi. Zuweina akaondoka na wenzake, akafungua duka mtaa wa Azaiba, kwenye barabara kubwa, la kukodisha vyombo vya karamu. Juu ya duka wakawa wanafanya vikao vyao, nao wakijiita Upawa. Hilo tulilimeza. Kumbe mwenzetu amekwenda wizara ya biashara, amesajili jina na alama kuwa vya biashara yake. Tangazo lilitoka kwenye gazeti la serikali, mwenye pingamizi aseme. Nani kati yetu alikuwa akisoma gazeti la serikali? Muda ukapita, tukawa hatuna jina.

Mume wangu alikuwa mtu wa amani. Akaniambia, "Rayya, jina tu hilo. Tafuteni jengine, mjipumzishe."

Jina tu! Nikamweleza habari ya mwalimu mmoja wa kike, mtu mzima, aliyefukuzwa kazi kule akaja huku. Aliambiwa ulizia Upawa. Akaulizia, akapelekwa Azaiba. Akakaa dukani siku nzima kati ya masinia ya kukodi, na jioni akaambiwa kwa upole kabisa kwamba kama anataka msaada, asilisimulie tena jambo lililomleta. Yule mama alinyamaza kweli. Tulikuja kumkuta kwa bahati tu, hospitali, hajala vizuri kwa muda mrefu, na alipotuona akaogopa kutwambia jina lake. Hilo ndilo jina, nikamwambia mume wangu. Mtu akikosea mlango anatiwa kofuli mdomoni. Mume wangu hakulitaja tena jambo hilo, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Tukamjibu wakili kwamba hatufuti wala hatuachi. Shauri likapelekwa wizarani, likangojea zamu yake.

Hatujaitwa, mama yake Zuweina akafariki.

Hapa nisikilize vizuri, maana watu wa siku hizi wanaagizia chakula cha msiba kwa simu. Kwetu mfiwa hapiki. Moto hauwashwi na mkono wake, na sufuria yake haipandi jikoni mpaka matanga yaondoke. Vyombo vinatoka nje, wapishi wanatoka nje. Sasa ile mali yote ya Azaiba, masufuria makubwa kwa madogo, masinia, majiko, Zuweina alikuwa ameiandikisha kwa jina lake mwenyewe ili asinyang'anywe na mtu. Vyote vikawa vyombo vya mfiwa. Mwanamke mwenye vyombo vingi kuliko wote Maskati alikuwa hana sufuria ya kulishia waliokuja kumzika mama yake! Wenzake wakaanza kunong'ona waagize hotelini.

Sisi tukakutana uani kwa Bi Thuwaiba. Mmoja akasema, mwacheni, aende akalipike jina lake. Wengine wakaitikia, na sikuwalaumu, barua ya wakili ilikuwa bado inatuwasha. Bi Thuwaiba akawa anafunga mtandio wake tu. Akasema, "Pakieni masufuria."

Mimi nikajiona nimepata njia nzuri ya katikati. Nikasema, "Bi Thuwaiba, tuyapake majivu ubavuni, au tuyafunge vitambaa, alama isionekane. Mtu amefiwa, tusimuudhi."

Aligeuka akanitazama mpaka nikataka ardhi inimeze.

"Unafunika nini, Rayya? Umeiba?"

"Sikuiba, Bi."

"Basi mwenye kuficha ni mwizi. Mimi hii alama nimeichora kwa mkono wangu, nna haja gani ya kuipaka majivu? Na mfiwa haudhiwi na wali. Kama unaona haya, usibebe sufuria. Kaa nyumbani umpikie mumeo."

Mwengine akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo tunakwenda kupatana naye?"

"Tunakwenda kupika," akasema Bi Thuwaiba. "Kesi yetu iko pale pale."

Maneno yale yalinikaa. Mpaka siku ile nilidhani mtu ana njia mbili tu, ama agombane na anune, ama apatane na ayaachie yake. Mama yule hakuwa na nia ya kuachia hata nusu ya upawa, na hakuwa na nia ya kumwacha Zuweina na wageni wenye njaa. Kwake yeye hayo hayakugombana hata kidogo.

Tukafika kwa Zuweina na pikapu mbili, tukashusha masufuria mchana kweupe, alama nyekundu zikitazama barabarani. Wanawake wa upande wake walikuwa wamekaa ukumbini na buibui zao, na shingo zote ziligeuka. Hakuna aliyetusimamisha. Tukapanga mafiga uani, tukawasha, tukatia mchele maji, tukaanza kukatakata nyama. Nilikuwa nakoroga mchuzi Zuweina alipotoka. Macho yamevimba, kajifunika vile mfiwa anavyojifunika. Akaitazama sufuria, akaitazama alama, akanitazama mimi.

"Rayya," akasema, "hiyo alama ni yangu kisheria."

Nilikuwa nimempenda mwanamke yule, Mwanangu, na moyo uliniuma kumwona vile. Lakini mwiko sikuuweka chini.

"Najua barua yako inavyosema," nikamjibu. "Niambie basi nizime moto."

Waliokuwa wanamenya vitunguu wakaacha. Ndani kisomo kilikuwa kinaendelea. Machozi yakamtoka Zuweina upya, si ya hasira.

"Usizime," akasema. Akarudi ndani.

Tukapakua. Masinia ya wanaume yalipelekwa kwenye ukumbi wa msikiti walikokaa, na nitakwambia jambo ambalo Bi Thuwaiba alinikataza kulicheka siku ile: wakili mwenyewe alikuwapo, amekuja kutoa mkono wa pole. Mume wangu alikaa naye sinia moja. Aliniambia yule bwana alikula mpaka rangi nyekundu ikaonekana chini ya wali, akaitazama, akamega tena. Siku ile sikucheka. Leo nacheka ninavyotaka.

Usingoje nikwambie kwamba Zuweina aliifuta kesi. Hakuifuta. Matanga yalipokwisha tuliosha vyombo vyetu, tukaondoka, na wakili akaendelea na kazi yake. Tulipoitwa wizarani, yule afisa alituuliza kama tunauza au tunakodisha. Bi Thuwaiba akamwambia hatujauza hata punje ya mchele. Afisa akasema usajili ule ni wa biashara ya kukodisha vyombo, sisi hatufanyi biashara, kwa hiyo hana la kutuamuru kuhusu masufuria yetu, lakini jina la duka ni la Zuweina na hawezi kumnyang'anya. Wakili akatoa karatasi ya ahadi, tutie saini kwamba hatutajiita tena Upawa. Bi Thuwaiba akaomba kalamu. Nikadhani atatia saini. Akaitazama kalamu, akamrudishia, akasema, "Nzuri. Mwandikie mwengine." Tukatoka.

Bango la Azaiba lilikaa juu miaka mingi baada ya hapo. Lakini wale waliokula kwenye matanga, wa upande wao na wa upande wetu, walikuwa wameona kwa macho yao, na watu wetu hawana mdomo wa kufunga. Ikawa mgeni akiulizia Upawa, hata awe anamuuliza mtu wa Zuweina, anaulizwa kwanza: unataka ule wa kukodi, au ule unaokuja wenyewe? Wale wenye begi moja wakawa wanajua mlango wao. Yule mwalimu naye alikaa nasi mpaka akazeeka, na alikuwa msemaji mkali kuliko sisi sote, akianza hanyamazi.

Mwanangu, nimekupa kisa chote hiki kwa sababu nimesikia mnataka kubadilisha jina la kikundi chenu. Nimeambiwa wenzenu wa mrengo mwengine wamelisajili, wana fedha na wakili, na nyinyi mmeanza kuchoka. Nyumba hii hatuchoki mapema hivyo. Kwanza msiwe wajinga kama sisi: someni matangazo, wekeni pingamizi kabla muda haujapita, chenu kiandikisheni nanyi. Ugomvi wa karatasi piganeni kwa karatasi, na mpigane hasa. Lakini hata mkishindwa pale wizarani, msitoke mkijiita jina jengine. Jina lenu liko kwa watu mliowasemea, nenda kawaulize kama wamelisahau. Wala usilipake majivu ukiwa mbele ya mtu asiyekupenda, kwa kudhani huo ndio upole. Upole ni kumlisha, nawe jina lako likiwa wazi. Na siku adui yako akipatwa na msiba, nenda kabla hujaitwa, fanya kazi yako, usidai shukrani, na kesho yake amkia kwenye kesi yako.

Wakikwambia ni jina tu, waulize mbona wao wanalitaka.

Inuka sasa ukalale, usiku mwema hautafutwi na mtu aliyekunja uso. Mwenyezi Mungu akupe kifua kisichorudi nyuma na mkono usiobana. Akukutanishe na wenye haki wanaokutafuta wasikosee mlango wako. Akufanye mtu ambaye hata hasimu yake, akifikwa na msiba, atamwambia usizime moto. Amin.