Mpunga wa Idi

Pale Kiegeani, zama za Wadachi, Hafidha binti Jabir alisifiwa kwa unene wake, na sifa ile haikuwa na mzaha ndani yake. Mumewe, Ameir, alikuwa mwenye mashamba ya minazi, na mke mnene anayekaa ndani alikuwa dalili kwamba nyumba ina neema. Hafidha mwenyewe hakukulia hivyo. Baba yake alikuwa Mwarabu wa minazi michache tu, na kwao alitwanga, aliteka maji, alisenya kuni pamoja na mama yake. Siku alipoingia nyumba ya Ameir, wifi yake Bimkubwa alimshika mikono, akazitazama sugu za viganja vyake, akacheka.

"Kazi hizi zimekwisha, wifi yangu. Hapa wewe ni wa kutulia."

Akatulia miaka mingi.

Ramadhani moja, wakati wa alasiri, alisujudu akashindwa kuinuka. Magoti yalikataa, pumzi ikamwishia, akabaki vile vile paji la uso limegusa msala. Uani alikuwako Kijakazi, mwanamke aliyezaliwa katika nyumba ile utumwani, akaachwa huru kwa wasia wa baba yake Ameir. Alikuwa bado akija kutwanga mpunga, naye akipewa mchele wa kula. Alisikia mhemo wa ajabu, akatupa ungo, akaingia ndani, akampitishia Hafidha mikono kwapani na kumkalisha.

"Usimwambie mtu," alisema Hafidha.

"Nimwambie nani, bibi?"

Swala ile aliimalizia kwa kukaa, kisha akalia. Hakuwa mgonjwa wa kulala kitandani, wala hakuwa kikongwe. Mama yake mzazi alikufa mzee sana, na aliswali kwa kusimama mpaka siku za mwisho.

Tangu siku ile akaanza kujitazama anavyokula. Mchana kutwa alifunga kama watu wote, lakini jua likizama huletwa uji, mihogo ya nazi, tambi za sukari, kaimati, samaki wa kupaka, kisha wali, na kabla tumbo halijatua huja daku. Akaona kwamba mfungo wake ulikuwa wa kungojea tu. Basi akafungua kwa tende na uji, akaswali, halafu akala kidogo cha samaki na muhogo. Tambi akazisogeza kwa wengine. Siku za mwanzo alikuwa mkali kwa kila mtu, hata kwa paka, maana ulimi ulizitaka tambi zile. Taratibu ukali ukapungua, na alipokuwa akienda chooni hakuwa akishika tena ukuta.

Asubuhi moja alitoka uani akasema, "Nipe mchi."

Kijakazi alidhani anataka kuuhamisha. Alipoona bibi amejifunga kanga kiunoni na kusimama mbele ya kinu, akarudi nyuma. Hafidha alitwanga mapigo machache, akapumzika, akatwanga tena. Kesho yake viganja vilitoka malengelenge, na bado alirudi. Siku hizo walitwanga kwa zamu, mmoja akitwanga, mwenzake akipepeta.

"Najisikia mwepesi," Hafidha alisema siku moja, akijifuta jasho. "Laiti ningejua mapema. Kazi hii ni dawa."

Kijakazi aliendelea kupepeta. Kisha akasema polepole, bila kuinua macho, "Kwako ni dawa, bibi. Ukichoka unauweka mchi ukutani. Mimi nikiuweka, sili."

Hafidha alikaa juu ya kigogo, akayatazama mabega ya yule mwanamke, moja limeinuka kuliko jingine kwa utwangaji wa tangu utotoni. Alikuwa ameyatazama mabega yale miaka yote bila kuyaona.

Idi ilikaribia. Mpunga wa Idi ndio mwingi kuliko wote, na kila mwaka Kijakazi aliutwanga mpaka mkesha wa sikukuu, asione hata ngoma. Dada yake Chiku alikuwa akiishi Miburani, na hawakuwahi kula Idi pamoja.

"Mwaka huu nenda kwa dada yako," Hafidha alimwambia. "Chukua mchele wako kama kawaida. Mpunga nitatwanga mimi."

"Wote, bibi?"

"Wote. Mpunga ukibaki haujatwangwa, tutakula pungufu."

Ameir alipopata habari alikuja uani na kanzu yake nyeupe, akasimama mbali na kumvi za mpunga.

"Bi Hafidha, watu watasema Ameir amefilisika, mkewe anatwanga."

"Waseme, bwana. Mimi nikianguka kwenye msala, watu hao hawatakuja kuniinua."

"Kuanguka? Ulianguka lini?"

Akamweleza yote. Ameir aliizungusha tasbihi yake, kisha akaondoka. Hakutoa ruhusa, wala hakukataza tena.

Siku ya Idi nyumba ilijaa. Bimkubwa alikuja na sinia la halua, akakata pande kubwa, akalipeleka mdomoni mwa Hafidha kwa mkono wake mwenyewe.

"Kula, wifi. Umekonda, watu watadhani tunakunyima."

Kukataa halua ya mkono ni kumvunjia mtu heshima. Hafidha alimega kipande kidogo, akala, akamshika wifi yake mkono.

"Nimekula, na nimeshukuru. Sasa nisindikize. Nataka kutoa mkono wa Idi nyumba kwa nyumba, kwa miguu yangu."

Bimkubwa alinung'unika kwamba wageni ndio wanaomjia mwenye nyumba, lakini akajitanda shela na kumfuata. Walikwenda pole pole, wakisimama kwenye vivuli. Walipofika nyumba ya tatu Bimkubwa ndiye aliyeomba kukaa.

Kijakazi aliporudi Idi imekwisha, alichota mchele kwenye gunia la ndani, akautandaza kiganjani.

"Bibi, hizi chenga tupu!"

Wakacheka wote wawili mpaka Hafidha akajishika mbavu. Kisha Kijakazi akaacha kucheka. Alisema dada yake ana kipande cha shamba, anataka walime pamoja. Alikuja kuaga.

Hafidha alikuwa amemzoea, na alijua pia kwamba chenga zile atazila mwenyewe sasa. Lakini alisema tu, "Nenda salama. Na mchi mmoja ni wako, uchukue."

Mwezi ule wa Mfungo Mosi, unaofuata Ramadhani, alifunga siku sita za sunna kwa mara ya kwanza maishani mwake, akifungua kwa tende na uji. Hakuwahi kuwa mwembamba. Ila alisujudu akainuka, na mchele wake ukaanza kutoka mzima mzima. Sikukuu zilizofuata Ameir alizoea kusikia kinu kikilia alfajiri, na wageni walipomuuliza nani anayetwanga, aliwajibu, "Mke wangu," kisha akawakaribisha chakula.

Mwaka mmoja Hafidha alikwenda Miburani kwa miguu, akapumzika njiani mara nyingi. Kijakazi alimtandikia mkeka, akamwekea muhogo wa kuchemsha na dagaa. Walikula sahani moja, na safari hii Kijakazi hakumwita bibi.