Gogo Lililojua Njia ya Ziwa

Naona haya kusema, lakini fundi mmoja wa mashua pale Dunga, ufukweni mwa ziwa, aliniapia kwamba gogo ukilielekeza upande wake mnene ziwani, litajiteremsha lenyewe kama kiboko anayerudi nyumbani, nami nikaamini yote, hata kiboko (na nilikuwa nimemaliza shule ya usiku, cheti nimekitia fremu kabla wino haujakauka!).

Miaka ya sitini ilikuwa ikielekea kwisha, nami karani wa muuza mbao mmoja wa Mamboleo. Bosi akanituma mlimani nilinganishe gharama: tuendelee kuteremsha magogo kwa ng'ombe wa Mzee Okelo, au tukodi trekta? Mzee mwenyewe alinionyesha njia, nira begani.

"Bwana karani, andika pole pole," akaniambia. "Hawa ng'ombe wawili ndio karo ya watoto wangu."

Nilimhurumia, kweli, lakini mkono uliniwasha, nikaongeza njia ya tatu, yangu mwenyewe: ng'ombe, ghali; trekta, ghali zaidi; kuliachia gogo liende lenyewe, bure. Bosi alisoma hilo "bure" mara tatu, na kesho yake akapanda mlima na suti yake, kijiji kizima nyuma.

Nikafumba jicho moja, nikaona upande mnene wa gogo la kwanza unatazama ziwa sawasawa, nikapaaza sauti, "Achilia!" Gogo likaenda kwa adabu hatua kumi, halafu likapinda kama mlevi, likaruka mtaro, likaingia boma la Mama Atieno, likabomoa choo (hakikuwa na mtu, Mungu ni mwema), kuku wakaruka nadhani mpaka Uganda, nalo likatumbukia korongoni.

"Yawa!" Mama Atieno akalia. "Karani, choo hiki utakichimba na hiyo kalamu yako!"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Trekta likaitwa lilitoe, likateleza, likarudi lilikotoka. Ikabidi Mzee Okelo, yule yule niliyekuwa karibu kumnyima kazi, afunge mnyororo, na ng'ombe wake wakavuta siku mbili. Bosi akachana ripoti yangu mbele ya watu: ng'ombe wabaki, choo nijenge mimi. Nilikijenga, na tangu siku hiyo sijaandika tena "bure" mahali popote.

Siku ile gogo lilipotoka korongoni nilimweleza Mzee habari ya fundi wa Dunga, macho yangu chini. Hakucheka. Alinipa kibuyu chake cha maji.

"Omera, ndugu yangu," akasema, "gogo halijui ziwa. Linaenda mahali ardhi imeinama. Si ungeniuliza?"