Fundi Pilipili na Viputo vya Hewa
Mume wangu ni fundi kompyuta, na ana hasira za karibu. Wateja wanamwita Fundi Pilipili, na hata mimi hanipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Jana kaletewa kompyuta inayopozwa kwa maji, inanguruma kama tumbo la mwenye njaa kwa sababu hewa imenasa kwenye mipira yake ya kupitishia maji. Akaiinamisha taratibu, akasubiri viputo viibuke kwenye kitangi chake cha maji, akaongeza maji kidogo, akaiinamisha tena. Asubuhi nzima, bila hata kusonya.

"Hii ukiiharakisha," akaninong'oneza, "hewa inarudi ndani."

"Baba watoto, na mimi ungenisubiri hivyo?"

Akazima pampu, akanivutia kigoda. "Haya, mama watoto. Sema."

Miaka yote hiyo, na sikujua nianzie wapi.