Barabara ya Kuanikia Mahindi

Juzi nilipita mtaa wetu wa zamani pale Kitale, nikitoka kwangu Kanduyi, nikashindwa kuutambua. Barabara ni pana, lami inang'aa, magari yanapita shwaa. Pazuri, siwezi kukudanganya. Lakini hebu nikusimulie ulivyokuwa miaka ile ya elfu mbili na kidogo, nilipokuwa mtoto.

Msimu wa mavuno, barabara yetu ya murram, ile changarawe nyekundu, ilikuwa uwanja wa kuanikia mahindi. Kila nyumba ilitandika turubai mbele ya mlango. Wenye baiskeli walishuka wakasukuma, na gari likijisahau likaingia, lilirudi kinyumenyume huku tukilicheka. Sisi watoto tulifukuza kuku na kugeuza mahindi kwa miguu, yakiwa na joto la jua, vumbi lake likituwasha hadi shingoni. Wakubwa walichambua wakipiga soga, nyanya yangu akitugawia viazi vitamu na chai ya rangi. Ulikula popote njaa ilipokukuta, na ukikosea ulichapwa papo hapo na yeyote aliyekuona. Raha tupu!

Siku moja akaja afisa wa mipango kutoka manispaa na futi yake ndefu ya kupimia. Akatangaza kwamba maturubai yote yaondoke, barabara ipanuliwe. Nyanya hakuwa na ua wa kuanikia. Aliona chakula chetu cha mwaka mzima kikioza.

"Mama, hii ni barabara," afisa alimwambia.

"Najua ni barabara. Kwani mahindi inaizuia kwenda wapi?"

Kabla hajajibu, mvua ya Mlima Elgon ikatufikia. Kwetu mvua ikianza, hakuna aliyeuliza mahindi ni ya nani. Ulishika turubai lililo karibu. Jirani yetu, fundi cherehani, alikuwa akitoka msikitini. Akakimbilia la nyanya akiwa na kanzu yake nyeupe.

"Wewe kijana!" nyanya akamfokea afisa. "Wacha hiyo futi, shika huko bana! Si unaona inalowa?"

Akashika. Yeye na fundi waliliburuta pamoja mpaka sebuleni, tai ya afisa imelowa chepechepe. Alipopewa chai, akauliza, "Huyu wa kanzu ni ndugu yenu?"

"Ni jirani," nyanya alisema, akimshangaa.

Afisa alikunja futi yake akaenda, na hakurudi. Tulianika miaka mingine kadhaa, na nyanya alitamba nayo hiyo hadithi mpaka tukaikariri.

Lami ilikuja nikiwa sekondari, na sisi wenyewe tuliishangilia. Mahindi yakatafutiwa mashine ya kukaushia. Mahali pa kukutania sisi majirani, hakuna aliyekumbuka kutupimia.