Tanbihi ya 112

Wanafunzi walimwita Tanbihi, na sisi wafanyakazi wenzake tukalisahau jina lake halisi mpaka mahakama ilipotukumbusha. Alifundisha sheria za bahari na mikataba ya mataifa. Mtu mwembamba, shati la mikono mirefu mwaka mzima, kalamu mbili mfukoni: nyeusi ya kuandika maneno yake na nyekundu ya kuyatilia shaka. Akiandika mistari minne juu ya ukurasa, chini yake hupanga tanbihi za mistari ishirini, herufi ndogo kama chawa. Hata ombi la likizo aliliwekea tanbihi. Mimi nilikuwa mkutubi wa kitivo cha sheria kwa miaka ishirini na sita, na siku moja nilimwambia, "Mwalimu, wewe ukifa, kaburi lako litaandikwa 'tazama maelezo chini'." Akacheka. Kisha nikaona kabisa kwamba analifikiria.

Sikumchukia. Alinichosha tu. Ofisi yake aligawana na wahadhiri wawili wenye midomo, kwa hiyo alihamia kwenye meza yangu ya dirishani, akafanya maktaba kuwa kwake. Kila asubuhi kitabu kimoja zaidi, karatasi moja zaidi, swali moja zaidi.

Alikuwa na tamaa moja, na kitivo kizima kiliijua. Majaji wa mahakama za kimataifa wakikwama kwenye mikataba na desturi, wanaruhusiwa kuchungulia maandishi ya wanazuoni waliobobea. Kuchungulia tu. Lakini mwanazuoni akitajwa ndani ya hukumu, hata mara moja, jina lake haliondoki tena. Tanbihi alitaka kutajwa. Miaka kumi na mmoja kamati ya kupandisha vyeo ilikuwa ikimrudishia faili lake na sentensi ileile: utafiti wake hauna athari. Mkuu wa kitivo alimwambia mbele ya watu, "Unaandika kwa ajili ya panya wa maktaba." Watu wakacheka. Nilicheka na mimi, ingawa panya walikuwa wangu.

Tasnifu yake ilihusu Fungu. Ni kilima cha mchanga chini ya maji, mwendo wa nusu siku kutoka pwani, kati yetu na nchi jirani. Samaki wamejaa, na baadaye ikasemekana gesi nayo ipo. Mkataba wa zamani uliochora mpaka wa bahari uliishia kabla ya kufika hapo, kana kwamba waliochora walichoka mkono. Basi kila upande ukadai Fungu ni lake. Kaka yake Tanbihi, nahodha wa mashua mbili, alivua huko kama baba yao alivyovua, na kila mwaka doria ya jirani ilimfukuza. Kwa kurasa mia nne Tanbihi alithibitisha kwamba Fungu ni letu. Na alithibitisha vizuri, sitamnyima haki yake.

Lakini alikuwa na msimamo wake. "Hoja isiyotaja udhaifu wake," alikuwa akiwaambia wanafunzi, "ni uongo uliowekewa jalada." Kila alipojenga ukuta, alionyesha kwa tanbihi tofali lililolegea. Wenzake walificha matofali yao yaliyolegea, wakapata uprofesa.

Tofali la Fungu lilikuwa nyumbani kwao. Baba yao, kwa kuchoka kufukuzwa, aliwahi kukata leseni ya uvuvi ya upande wa jirani. Hakujua kuandika, akaweka dole gumba. Aliporudi na samaki, ofisi ya uvuvi ya hapa kwetu ilimtaka aonyeshe alikovua. Akatoa leseni ile, karani akaigeuza, akaigonga muhuri nyuma: IMEONEKANA, tarehe, sahihi. Yaani serikali yetu ilijua kwamba jirani anatoa leseni za Fungu, na haikusema kitu. Baba alipofariki, mama aliichomeka karatasi ile nyuma ya picha yake ukutani, ndani ya kioo, kwa kuwa hapakuwa na alama nyingine ya mkono wake duniani. Mwanawe wa chuo kikuu alipoiomba, aliifungua fremu mwenyewe kwa ncha ya kisu.

"Ni ya shule," aliwaambia majirani. "Baba yao ameingia chuo kikuu."

Ikaingia kama tanbihi ya 112. Na kanuni ya chuo ilitaka hati ya pekee iliyotumika katika tasnifu iwekwe maktaba, yenyewe, si nakala. Niliipokea, nikaitia kwenye hazina ya nyaraka, nikamsainisha. Kinachoingia mle hakitoki.

Miaka sita ikapita. Kesi ya Fungu ikafunguliwa mahakamani ng'ambo, redio hazikuwa na wimbo mwingine. Serikali ilikodi mawakili kutoka mbali. Tanbihi hakuna aliyemwita. Ndipo ikaja barua. Mtafiti mmoja, kwa adabu nyingi, alisema ameisoma tasnifu yake mara mbili, na angeshukuru kupata nakala safi ya hati iliyo katika tanbihi ya 112.

Alikuja mezani kwangu akiipeperusha. "Ameisoma mara mbili! Na amefika mpaka mia na kumi na mbili!"

"Anafanyia nani kazi?" nikamuuliza.

"Elimu haina mpaka, dada."

"Na bahari je?"

Hakunisikia. Nilishika barua. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na jina la ofisi ya mawakili, na jina hilo nilikuwa nimelisikia redioni wiki ileile: ndio waliokuwa wakimtetea jirani. Mtu aliyeishi chini ya kurasa hakutazama chini ya ukurasa mmoja. Ningeweza kusema. Lakini asubuhi ile alikuwa amenisahihisha mbele ya wanafunzi kuhusu mwaka wa chapa ya kitabu, na alikuwa sahihi, nami nilikuwa bado na donge. Nikasema moyoni kwamba mkutubi hamuulizi msomaji anasomea nini. Nikawasha mashine.

"Toa na nyuma," akasisitiza. "Nyuma ndiko kwenye muhimu." Hata akaambatisha karatasi ya kusahihisha kosa moja la chapa katika tasnifu, tarehe ya muhuri, wasije wakapotoshwa.

Siku ya hukumu kaka yake alikuja moja kwa moja maktaba, amevaa shati lake la sherehe, ananukia sabuni. Mimi ndiye niliyechapa kurasa zote tisini na sita, katika lugha ya mahakama ambayo nahodha hakuijua. Alipekua kurasa kwa kidole kinene mpaka kikasimama.

"Hili ni jina letu!" Akapiga meza. "Mdogo wangu! Hili la baba, na hili lako! Wamekuandika!"

"Shhh," nikasema.

"Dada, leo usininyamazishe. Mtoto wa mvuvi yumo kwenye hukumu ya dunia nzima." Akamkumbatia ndugu yake pale alipoketi, kichwa cha Tanbihi kikabanwa kifuani kwake. "Haya nisomee. Neno kwa neno. Mama anasubiri simu."

Tanbihi alikuwa ameshaisoma. Uso wake ulikuwa na rangi ya karatasi. Angeweza kudanganya, mimi peke yangu ndiye ningejua, na ningemwachia. Angesema tumeshindwa kwa sababu ya ramani, au mkataba, au majaji wabaya, na wangelia pamoja wakaenda zao. Lakini chawa alishaingia kwenye mshono, hatoki. Alisoma, akitafsiri polepole.

"Mahakama imeridhika kwamba mamlaka zilijua leseni hizo na zilinyamaza. Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni hati iliyohifadhiwa na mwanazuoni wa nchi hiyohiyo, mtu asiyeweza kushukiwa upendeleo." Akafuata mstari kwa kidole. "Kimya hicho ni ridhaa. Fungu liko upande wa jirani."

Nahodha hakuelewa mara moja. Kisha mikono yake ikaondoka mabegani mwa mdogo wake, mmoja, halafu wa pili.

"Hati gani?"

"Leseni ya baba."

"Walikuibia?"

"Niliwapelekea."

"Kwa hiyo kesho nikienda Fungu?"

"Utakuwa umevuka mpaka."

"Mabaharia wangu kumi na wanne, nikawaambie nini?"

Tanbihi akafungua mdomo. Nilimfahamu, alikuwa anatafuta namna ya kueleza kwa ukamilifu. "Mama ndiye aliyenipa karatasi," akasema. "Kwa usahihi wa kumbukumbu." Hapo kaka yake akamtemea mate, yakaangukia hukumu, ukurasa wa sitini na moja. Akatoka. Simu ikawa inaita mfukoni mwake mpaka alipofika ngazi.

Chuo kilifurahi. Hakuna mhadhiri wetu aliyewahi kutajwa na mahakama ya kimataifa. Kamati ilikutana ndani ya mwezi, na faili lililorudishwa miaka kumi na mmoja likapita kwa dakika tano. "Athari," alisema mkuu wa kitivo akiinua glasi ya soda, "ndiyo hii." Watu wakapiga makofi. Profesa Tanbihi alisimama na kushukuru kila aliyemsaidia, nami akanitaja, kwa nakala nilizotoa. Nilitamani sakafu inimeze. Tangu siku ya hukumu hakukanyaga tena ndani kwao. Alijaribu mara moja. Shemeji yake alimpokea mlangoni akamwambia kiti chake wamekipasulia kuni.

Mama yao alikuja wiki mbili baadaye, peke yake, na mfuko wa nguo, na ndani ya mfuko fremu yenye picha. Nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata karatasi ya mume wangu. Shule imeisha."

Nilimweleza kanuni. Alisikiliza mpaka mwisho, kama watu wasikilizavyo daktari. Akauliza kama atapata basi nakala. Nikamwambia nakala hutolewa kwa kibali cha mwenye tasnifu; saini moja tu ya mwanawe, ghorofa ya pili, mlango wenye kibao kipya.

"Basi acha," akasema. "Nitaitazama."

Nikampa glavu, nikaitoa hati kwenye bahasha, nikamwambia ana dakika kumi. Alikaa kwenye meza ya dirishani bila kujua ni ya nani. Akaweka dole gumba lake juu ya lile la wino, bila kugusa, akapima. Kisha akasema, "Geuza." Nikageuza. Muhuri, tarehe, na mkwaruzo wa kalamu.

"Huyu aliyegonga hapa, naye wamemtaja?"

"Hapana, mama."

"Kwa nini?"

"Sahihi yake haisomeki." Ndivyo mwanawe alivyoandika katika tanbihi, na ndivyo majaji walivyonakili.

Akairudisha karatasi mbele, kwenye dole.

"Mume wangu hakujua hata kushika kalamu," akasema. "Na yeye kasomeka."

Nikatazama saa ya ukutani. Dakika kumi zilikuwa zimeisha, nikamwambia.